Kuna Kirusi Kwa Pua ya Ngamia Isiolo Kinachofuta Rangi Ndani ya Seli: Hii Hapa Rada Yote

Kama umewahi kupiga chai ya maziwa ya ngamia pale Isich, kuna uwezekano mkubwa hayo maziwa yalitoka Isiolo. Akina mama huyakusanya mapema, yanatiwa kwa mitungi, yanapandishwa basi, na yanateremka hadi Nai, karibu kilomita 285. Nyama nayo ina njia yake. Isiolo ndio mlango wa kaskazini. Ngamia akitoka Marsabit ama Samburu akienda kuuzwa, mara nyingi atapitia hapo, na wengine safari yao inaishia hapo hapo kwa kichinjio.

Sasa kwa pua ya baadhi ya hao ngamia kunaishi kirusi kinaitwa MERS. Ni binamu wa ile Korona iliyotufungia kwa keja 2020. Ngamia mwenyewe hata hajali, labda atoe kamasi kidogo halafu aendelee na maisha. Kwa binadamu inaweza kuwa ngori ya kweli.

Lakini leo hatutaki kukushtua na kukuacha hapo. Tunataka ujue ujanja ambao hiki kirusi hutumia kupita walinzi wa mwili, juu huo ujanja kimeiga kwetu sisi wenyewe. Uko kwa enzaimu moja ndogo sana. Ukishaielewa, utajua mbona msee wa kichinjio cha Isiolo anafaa kuchungwa, na mbona maziwa yanafaa kuchemshwa. Tulia, hii ni sayansi lakini tutaipiga polepole.

Tuanze na soko ya mbuzi

Umeona vile mambo huenda kwa soko ya mifugo? Broka akinunua mbuzi, anampiga rangi mgongoni. Nyekundu, bluu, vile anapenda. Hiyo rangi haimfanyi mbuzi kitu, lakini kila mtu kwa soko anaielewa. Wale vijana wa kupakia lori hawahitaji kuambiwa. Wakiona rangi ya boss wao, mbuzi anabebwa juu.

Ndani ya seli zako mambo ni hivyo hivyo. Kila seli imejaa protini, na protini ndizo hufanya kazi zote: kujenga, kubeba, kukata, kupeleka ujumbe. Lakini hizo protini huzeeka. Zingine huharibika, zingine zilikuwa na kazi ya dakika kumi na sasa zimebaki kukaa tu. Seli lazima ijue ni gani itolewe na ni gani iwachwe. Kwa hivyo inapiga rangi.

Hiyo rangi inaitwa yubikwitini. Yenyewe pia ni protini, lakini ndogo: asidi amino 76 peke yake. Ilianza kuonekana 1975, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la "kila mahali", juu kila walipotafuta waliipata. Iko kwa hamira ya mandazi, iko kwa mbuzi, iko kwa ngamia, iko kwako. Imebadilika kidogo sana tangu zamani, na hiyo inakuonyesha ni kitu muhimu aje.

Protini ikishapigwa mnyororo wa yubikwitini wa aina fulani, lori yake imefika. Inapelekwa kwa mashine moja inaitwa proteasomu, yenye umbo kama pipa, na huko inakatwakatwa vipande vidogo. Vipande vinatumika tena kujenga protini zingine. Hakuna kitu hutupwa. Waliofunua hii risto, Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2004.

Lakini skia, na hapa ndio wengi huachwa: si kila rangi inamaanisha kifo. Hizo yubikwitini zinaweza kuunganishwa kwa njia tofauti tofauti, na kila njia ina maana yake. Mnyororo wa aina moja unasema "peleka huyu akakatwe." Wa aina nyingine unasema "huyu ako kazini, mskize." Ni kama pale sokoni: rangi ya mgongoni ni ya kupakiwa lori, lakini alama ya sikioni inakuambia tu huyu ni mnyama wa nani. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji hapo mbele.

Msee wa kitambaa na mafuta ya taa

Sasa fikiria kuna msee mwingine anazunguka hiyo soko na kitambaa na mafuta ya taa. Kazi yake ni kufuta rangi. Unaweza kusema huyo ni mwizi, na wakati mwingine ni kweli. Lakini soko inamhitaji. Broka anaweza kupiga rangi mbuzi wa wenyewe kimakosa. Bei inaweza kukataliwa dakika ya mwisho na mnyama arudi kwa mwenyewe. Bila mtu wa kufuta, kosa moja la rangi linampeleka mbuzi asiye na hatia hadi Nai.

Kwa seli, huyo msee wa kitambaa ni kundi la enzaimu ambazo wanasayansi huziita kwa kifupi DUB. Hapana, si ile dub ya reggae ya Jumapili. Hizi kazi yao ni moja: kung'oa yubikwitini kutoka kwa protini. Binadamu ana karibu 100 za aina tofauti. Wapigaji rangi ni wengi zaidi, wanapita 600, lakini hao 100 wa kufuta ndio huamua kama uamuzi wa kwanza utasimama ama utabatilishwa.

Na kazi yao si ya kuchorea. Kuna moja imekaa hapo hapo kwa mlango wa proteasomu. Protini ikifika kukatwa, hiyo DUB inaivua yubikwitini kwanza, ndio hiyo rangi irudi kutumika tena badala ya kukatwa pamoja na mzigo. Ni kama turnboy anayetoa kamba na turubai kabla mzigo ushushwe, juu kesho kuna safari nyingine.

Kuna nyingine inaitwa A20. Hiyo husaidia kuzima moto. Mwili ukipigana na vidudu unawasha uvimbe na joto, na A20 ni kati ya wale wanaokuja kusema "basi, imetosha." Ikikosa kufanya kazi vizuri, uvimbe unaendelea hata kama adui ameshaenda. Zingine huchunga protini zinazozuia kansa. Gene ya DUB inayoitwa BAP1 ikiharibika, mtu anakuwa kwa hatari kubwa ya kansa za aina kadhaa, zikiwemo za macho na za ngozi ya ndani inayozunguka mapafu.

Kwa hivyo weka hii kwa kichwa: kufuta rangi si uhalifu. Uhalifu ni nani anafuta, na anafuta rangi ya nani.

Vile mwili hupiga kamsa

Kabla tulete kirusi, lazima tuelewe alam yenyewe.

Kirusi kikiingia kwa seli kinaleta maagizo yake ya kujizalisha. Maagizo ya virusi vya familia ya Korona yameandikwa kwa RNA. Ndani ya seli kuna protini walinzi wanaotembea wakikagua RNA zote. Wakipata moja isiyo ya hapa, wanashtuka. Lakini mlinzi mmoja kushtuka haitoshi. Ujumbe lazima upitishwe kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mpaka ufike kwa kiini cha seli ambako amri kubwa hutolewa.

Na unajua hao walinzi huthibitisha aje kwamba ujumbe ni wa kweli? Kwa rangi. Yubikwitini ile ya aina ya pili, ya "huyu ako kazini, mskize." Mlinzi anapigwa hiyo alama, anaaminika, anapasha wa mbele yake, naye anapigwa alama, na mnyororo unaendelea. Mwisho wake seli inaanza kutoa intaferoni.

Intaferoni ni kamsa. Ni ile nduru mathe wa jirani hupiga usiku wezi wakiingia na ploti nzima inawasha taa. Seli iliyovamiwa inaweza kufa, lakini zilizo kando yake zinapata habari, zinafunga milango, zinatengeneza silaha. Intaferoni ikitoka mapema, maambukizi mengi huzimwa kabla hata ujue ulikuwa mgonjwa. Ikichelewa, kirusi kinapata masaa ya kuzaana bila kusumbuliwa. Halafu mwili ukija kuamka, unaamka na hasira nyingi, na mapafu ndiyo huumia.

Kwa hivyo ukiwa kirusi, na unataka kuishi, kitu cha kwanza utafanya ni gani? Utazima nduru.

MERS inakuja na kitambaa chake

Hapa ndio risto inaingia Isiolo.

Kirusi cha MERS kikiingia kwa seli, kinatengeneza protini zake kama kamba moja ndefu. Hiyo kamba haiwezi kufanya kazi kama haijakatwa vipande. Kwa hivyo kirusi hubeba mikasi yake. Mmoja wa hiyo mikasi unaitwa PLpro, na una kazi ya kukata kamba mahali patatu.

Lakini huo mkasi una kazi ya pili. Ukimaliza kukata kamba ya nyumbani, unazunguka kwa seli yako ukifuta yubikwitini kwa protini zako. Ni DUB. Kirusi chenyewe, kidogo hivyo kwamba huwezi kukiona hata kwa darubini ya kawaida ya shule, kimekuja na msee wake wa kitambaa na mafuta ya taa.

Na hafuti ovyo. Anawaendea wale walinzi wanaopasha ujumbe. Mlinzi anapigwa alama, PLpro inaifuta. Anapigwa tena, inafutwa tena. Walinzi wako hapo, wameona mwizi, wanaongea, lakini hakuna anayewaamini juu hawana alama. Nduru haipigwi. Ploti inalala.

Hata hiyo haitoshi. Kuna rangi nyingine inaitwa ISG15, inayofanana na yubikwitini mbili zilizounganishwa. Hii hutengenezwa kwa wingi wakati intaferoni imeshaanza kutoka, kama rangi ya dharura. PLpro inafuta hiyo pia. Kwa hivyo hata ukifaulu kupiga kelele kidogo, jamaa anarudi kusafisha.

Ujue si MERS peke yake. Kirusi cha Korona ya 2020 kina PLpro yake, ingawa yake inapenda zaidi kufuta ISG15. Virusi vingi na hata bakteria wengine wamejifunza huu mchezo. Ukiwaza, ni ujanja wa akili sana. Badala ya kupigana na mfumo wa mwili, unatumia sheria za huo mfumo kuuzima.

Kichinjio cha Isiolo kilionyesha nini

MERS ilijulikana 2012, mgonjwa alipokufa huko Jeddah, Saudi Arabia, na daktari wa maabara mwenye asili ya Misri, Ali Mohamed Zaki, akapata kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limehesabu zaidi ya wagonjwa 2,600 kutoka nchi 27, na karibu 36 kwa kila 100 ya hao waliohesabiwa wamekufa. Ukweli ni kwamba wale wanaougua kidogo tu mara nyingi hawahesabiwi, kwa hivyo kiwango halisi huenda kiko chini. Lakini hata ukikigawa, bado ni kirusi cha kuheshimu. Mwaka wa 2015 msafiri mmoja alirudi Korea Kusini kutoka Mashariki ya Kati nacho. Kabla ya kudhibitiwa, watu 186 walikuwa wameambukizwa na 38 wakafa. Msee mmoja tu.

Watu walipoanza kutafuta kilikotoka, njia zote zilielekea kwa ngamia. Na si wa Uarabuni peke yao. Damu ya ngamia iliyohifadhiwa tangu 1983 kutoka Somalia, Sudan na Misri ilikuwa na kinga dhidi ya MERS. Hapa Kenya, damu ya ngamia iliyochukuliwa kati ya 1992 na 2013 ilionyesha hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba hiki kirusi kimekuwa nasi miaka mingi kabla kipewe jina. Na sensa ya 2019 ilihesabu ngamia milioni 4.6 nchini. Si wanyama wachache.

Halafu watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakafanya kitu cha maana. Badala ya kupima ngamia siku moja na kurudi Nai, walikaa na kichinjio cha Isiolo mwaka mzima, 2022 hadi 2023, wakipima pua za ngamia wanaoletwa kutoka pande za kaskazini. Walichokipata ni kwamba kirusi hakiko pale kila siku kwa kiwango kimoja. Kinakuja kama mawimbi. Kilipanda Oktoba 2022, kikashuka, kikapanda tena Februari 2023. Ukienda kupima wakati wa chini utasema hakuna kitu, na utakuwa umejidanganya.

Na kitu cha pili ndicho kinagusa watu. Walipima wasee 48 wanaofanya kazi hapo kichinjioni karibu na ngamia. Saba kati yao walikuwa na dalili kwa damu kwamba walishawahi kukutana na MERS. Saba kwa 48. Wasee wa kuamka saa kumi, wa gamubuti na kisu, wanaolisha familia na hiyo kazi.

Kabla ya hapo, Marsabit, watafiti waliwafuata wachungaji na wahudumu wa ngamia 262 kati ya 2018 na 2020, na wakapata watatu wenye kirusi chenyewe. Wote watatu hawakuwa na dalili yoyote. Walikuwa wanaendelea na shughuli zao kama kawaida.

Sasa mbona hatujaona watu wakianguka?

Swali poa, na wataalamu pia wanalikuna kichwa. Kuna mambo kadhaa yanayojulikana.

La kwanza, kirusi cha huku si kile kile cha Saudi. Ngamia wa Afrika wana tawi lao, linaloitwa klado C. Likiwekwa kwa vipande vya mapafu ya binadamu kwenye maabara, linazaana polepole kuliko matawi ya Uarabuni. Huo ni uhai wetu kwa sasa.

La pili, mlango ambao MERS hutumia kuingia kwa seli, unaoitwa DPP4, uko kwa ngamia huko juu puani, lakini kwetu uko chini sana, ndani kabisa ya mapafu. Ndio maana ngamia anapiga chafya tu na kirusi kinaenea kwa kundi zima, lakini binadamu lazima akivute hadi chini ndio kimshike. Kikishika chini, basi ni nimonia.

La tatu, inawezekana watu wanaugua na hatuoni. Kikohozi na joto huku kaskazini kinaweza kuwa vitu vingi sana. Bila kipimo chenyewe, MERS haina sura yake ya kuitambua.

Usichukue hii kama sababu ya kulala. Virusi vya familia hii hubadilika, na vikikutana ndani ya mnyama mmoja vinaweza kubadilishana vipande. Ngamia wa Pembe ya Afrika hupandishwa meli kwa maelfu kupitia Berbera na Djibouti kwenda Uarabuni. Hii si risto ya Isiolo kujitenga. Ni barabara moja ndefu na Isiolo ni stendi.

Silaha yake ndio udhaifu wake

Hapa sasa ndio utaona mbona tumekusumbua na hizo DUB zote.

Mwaka wa 2014 wanasayansi walipiga picha ya PLpro ya MERS ikiwa imeshika yubikwitini, picha ya kina hadi atomu. Wakaona pale mahali inaposhikia si pale pale inapokatia. Ni kama mkono wa kushika kitambaa na mkono wa kushika mkasi. Wakabadilisha herufi chache tu za hiyo protini, ule mkono wa kitambaa ukateleza, lakini mkasi ukabaki mkali. Walipoijaribu kwa seli, PLpro hiyo ilikata kamba vizuri, lakini haikuweza tena kuzima kamsa ya intaferoni. Hapo ndio ilithibitika: kufuta rangi ndio huzima nduru.

Halafu wakajiuliza: tukitengeneza kirusi kizima chenye mkono wa kitambaa uliovunjwa, kitakuwaje? Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikitengeneza na wakachapisha matokeo 2023. Walikipa panya waliobadilishwa kuwa na ule mlango wa DPP4 wa binadamu. Kirusi kiliingia, kikajaribu kuzaana, lakini nduru ikapigwa mapema. Panya hawakufa. Na baadaye walipopewa MERS ya kweli, ya kuua, walikuwa wamekingwa.

Umeishika? Kile kirusi kisicho na kitambaa kinageuka kuwa chanjo. Mwili unakiona, unakijua uso, unajifunza kukipiga, na chenyewe hakiwezi kujificha. Bado ni kazi ya maabara na panya, haijafika kwa mkono wa mtu. Lakini wazo ni zuri, juu kila kirusi cha familia ya Korona kina PLpro yake. Ukijua kuvunja huo mkono kwa kimoja, una mahali pa kuanzia kwa kingine kitakachokuja.

Njia ya pili ni dawa ya kuziba PLpro kabisa, mkasi na kitambaa pamoja. Wengine wametengeneza yubikwitini feki inayoshika PLpro kwa nguvu na kukataa kuachilia. Ni kama kumpa yule msee wa kitambaa mbuzi aliyepakwa gundi. Kwa seli za maabara ilifanya kazi. Shida ni kwamba wewe pia una DUB karibu 100 zako, na hutaki dawa izizime hizo. Dawa lazima ijue kutofautisha msee wa soko na mwizi, wote wakiwa na kitambaa kimoja.

Na kuna njia ya tatu, kuchanja ngamia wenyewe. Chanjo za majaribio zimeshapewa ngamia na zikapunguza kirusi wanachotoa. Kwa mtu wa Isiolo hiyo ndiyo inaweza kuleta maana kubwa, juu inazima moto pale unapoanzia. Lakini mfugaji atauliza swali moja la haki: ngamia wangu haugui, mbona nilipe kumchanja? Hilo swali halijibiwi na maabara. Linajibiwa na serikali na bajeti.

Wewe sasa ufanye nini?

Kwanza, usianze kumchukia ngamia. Huku ukame ukiua ng'ombe na mbuzi, ngamia ndiye hubaki amesimama, na maziwa yake yamesomesha watoto wengi. Hakuna mtu anasema wacha. Tunasema chunga.

Chemsha maziwa. Najua, wazee watakuambia ya ngamia hunywewa vile yalivyotoka, na kwamba kibuyu kilichofukizwa moshi kinatosha. Moshi unasaidia ladha na unafanya yakae, lakini hauchukui nafasi ya moto. Na hata kama MERS haikutishi, kuna brusela, na hiyo inajulikana vizuri huku kaskazini: joto la kurudi rudi, maumivu ya viungo, miezi ya dawa. Sufuria moja inamaliza yote mawili. Ukiwa Nai, muulize mwenye kuuza kama yamechemshwa. Si dharau, ni maisha.

Kama unafanya kazi kichinjioni, ama una ndugu huko, mambo ni ya kawaida lakini hubadilisha kila kitu: maski wakati wa kushika kichwa na pua ya mnyama, glavu, kunawa na sabuni kabla ya kula ama kushika simu, na nguo za kazi zisiingie nazo kwa nyumba. Mwenye kichinjio anafaa kutoa hivyo vitu, si kumwambia kijana ajipange.

Ukiwa na sukari, shida ya figo, mapafu, ama kinga ya chini, kaa mbali na ngamia mwenye kamasi. Hao ndio MERS huwapiga sana. Na usinywe mkojo wa ngamia, hata kama kuna jamaa amekuambia ni dawa.

La mwisho, na hili ni la bure: ukishikwa na kikohozi na joto na unashughulika na ngamia, mwambie daktari hivyo kabla hata akuulize. "Mimi hufanya kazi na ngamia." Maneno matano. Bila hayo atapima malaria, atakupa dawa, na utarudi nyumbani.

Kile kirusi kazi yake yote ni kuhakikisha nduru haipigwi ndani ya mwili. Sisi tulio nje, tukiwa na mdomo na sauti, tusikisaidie kwa kunyamaza.